Karatasi sita, fomu moja mlangoni: mwongozo wa kuelimisha wapiga kura wa wadi yako bila kuwa wa upande wowote

Tarehe 4 Machi 2013 nilipanga foleni tangu saa kumi alfajiri, mbele yangu mzee wa rika la babangu. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kupiga kura sita kwa mpigo chini ya Katiba ya 2010. Mzee alitoka kibandani ameshika karatasi zake kama mtu anayecheza karata, akayatazama masanduku sita, akamtazama karani, akayarudia masanduku. Karani akamwambia, "Mzee, ni rangi kwa rangi tu." Akajibiwa, "Rangi gani mwanangu? Macho haya yana mtoto wa jicho."

Miezi yote iliyotangulia tulikuwa tumehimizwa tujitokeze, tudumishe amani, tuchague viongozi bora. Hakuna aliyekuwa ametuonyesha karatasi. Baada ya siku hiyo mimi na wenzangu watano tulianza kikundi katika wadi yetu hapa Mombasa, na yaliyomo humu ndiyo tuliyojifunza kwa chaguzi tatu. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne 10 Agosti 2027, kwa kuwa Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Anayetaka kuanza kikundi chake asingoje mabango yabandikwe, maana yakishabandikwa kila mtu atakuuliza umetumwa na nani.

Kwanza, jitengeni na wagombea

Hapa ndipo vikundi vingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtaji wenu ni mmoja tu, nao ni kuaminiwa na majirani wa vyama vyote. Anzeni na watu sita hadi kumi wanaojulikana mtaani kwa kazi zao: mwalimu, fundi cherehani, mama wa mahamri, mwendesha bodaboda, kijana aliyemaliza chuo juzi. Hakikisheni wanawake hawapungui nusu, kwa kuwa kuna nyumba ambazo mwanamume hatakaribishwa kumfundisha mama wa nyumba jambo lolote. Kila mmoja aulizwe mbele ya wenzake kama ni mwanachama hai wa chama, kama amewahi kuwa ajenti, na kama ana ndugu anayegombea. Mwenye ndugu anayegombea akae kando hadi uchaguzi upite, bila ugomvi. Sisi tulimkosa mweka hazina wetu namna hiyo mwaka 2017, na bado tunakunywa chai kwake.

Kisha andikeni sheria zenu kwenye daftari na kila mmoja atie sahihi. Zetu zinaenea ukurasa mmoja: hatuvai nguo ya chama wala kofia yake, hata ya bure, hata ya kulalia. Hatuweki picha ya mgombea kwenye stetasi ya WhatsApp. Hatupandi gari la kampeni hata mvua ikinyesha. Tukiulizwa tunampigia nani, jibu ni, "Kura ni siri, yangu pia." Na hatupokei kitu kwa mgombea wala kwa mtu wake.

Sheria ya mwisho ndiyo ngumu. Mgombea mwerevu hatakuletea pesa za kukununua. Atakuja na maneno laini, kwamba amesikia mnafanya kazi nzuri na anaomba tu kusaidia vijana na chai. Sisi tuliwahi kuletewa gunia la mchele usiku kwa mkokoteni. Tulilirudisha usiku uleule kwa mkokoteni uleule, na kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari. Sikudhani gunia la mchele lingetutangaza kiasi hicho. Gharama zetu tunachanga wenyewe, shilingi mia kwa wiki kila mtu, na matumizi yanaandikwa kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kuliomba alisome. Mkipata msaada wa shirika, semeni wazi ni shirika gani na limetoa kiasi gani.

Jambo la fulana nalo lina kichwa chake. Vyama vimekwisha kuchukua manjano, chungwa, nyekundu, buluu na kijani, hata sijui wamewaachia nini wauza matunda. Sisi tulibaki na kijivu. Haipendezi, ila haimkumbushi mtu yeyote.

Pata baraka za wanaohusika

Elimu ya mpiga kura ni jukumu la Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kwa mujibu wa Kifungu cha 88 cha Katiba. Kwa hiyo nenda ofisi ya tume ya eneo bunge lako, ujitambulishe, uulize utaratibu wa kupata kibali cha kutoa elimu, na uombe vitabu na mabango yao. Chukua na nambari ya simu ya afisa wa elimu, maana utaihitaji siku uvumi utakapovuma. Tumia maneno na michoro ya tume, usibuni yako, ili mtu akikupinga ajue anabishana na kitabu.

Mkutano wa hadhara unahitaji taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku tatu kabla kwa uchache. Chifu aelezwe pia, ila msimuombe awe mwenyekiti. Wapo watu wetu ambao wakimwona chifu mbele hukaa kimya hadi mwisho, kisha maswali yao wanakwenda kuulizana njiani.

Uangalizi wa uchaguzi ni jambo jingine na una kibali chake. Mtu haendi tume peke yake na kitambulisho mkononi, bali huombewa na shirika. Tafuteni shirika la kidini au la kiraia la kaunti yenu, hasa lililo ndani ya ELOG, ule muungano wa waangalizi wa ndani ulioundwa mwaka 2010, mkaombe nafasi mapema. Mtu anaweza kuwa mwalimu wa wapiga kura na pia mwangalizi. Kuwa mwangalizi na kuwa ajenti wa mgombea haviendi pamoja hata siku moja.

Sajili: kazi ya miezi ya mwanzo

Hii ni kazi ya miguu na haina maneno mengi. Kujiandikisha kunataka kitambulisho halisi cha taifa au pasipoti ambayo haijaisha muda. Karatasi ya kungojea kitambulisho haikubaliwi, kwa hiyo kijana anayetimiza miaka 18 asaidiwe kwanza kufuatilia kitambulisho, na hilo linachukua miezi. Usajili huendelea wakati wote, ila kisheria husimama siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Aliyehama na anataka kuhamisha kura yake aombe siku 90 kabla au zaidi. Asijiandikishe upya mahali pengine, kwani kujiandikisha mara mbili ni kosa.

Kisha kuna kuhakiki. Sheria inaitaka tume ifungue sajili kwa siku 30 watu wahakiki alama zao za vidole na majina yao. Wengi hulipuuza hili, na mimi naliona kubwa kuliko usajili wenyewe. Ukaguzi wa sajili uliofanywa na kampuni ya KPMG mwaka 2022 ulikuta majina 246,465 ya watu waliokwisha kufariki. Kwenye wadi yetu tulipita nyumba kwa nyumba, tukawaomba wafiwa wapeleke cheti cha kifo ofisini. Nendeni na mtu mzima mwenye haya na ulimi mtamu, maana mjane hapendi kuulizwa habari za kura ya marehemu na kijana aliyetafuna jojo.

Wakati huo mwelezeni kila mtu mkondo wake. Kituo kimoja kisheria hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na vituo kumi, kila darasa na sanduku lake na fomu zake, na watu wamegawanywa kwa herufi za majina. Asiyejua darasa lake atapanga foleni saa tatu na kuambiwa aanze nyingine. Mwaka 2022 mtu aliweza kutuma ujumbe kwa 70000 akajibiwa kituo chake. Ulizeni nambari ya 2027 tume itakapoitangaza, kisha iandikeni kwenye ubao wa kila kinyozi.

Somo la karatasi sita

Msifundishe kwa maneno, fundisheni kwa vitu.

Chukueni maboksi sita ya sabuni, manila za rangi, kamba na shuka. Shuka inakuwa kibanda. Rangi za karatasi mwaka 2022 zilikuwa nyeupe kwa rais, buluu kwa gavana, manjano kwa seneta, zambarau kwa mwakilishi wa wanawake, kijani kwa mbunge, na krimu kwa mwakilishi wa wadi, na mfuniko wa kila sanduku ulifuata rangi ya karatasi yake. Thibitisheni rangi kwenye tangazo la tume kabla ya kununua manila. Wagombea wenu wawe vyakula. Sisi huweka biriani, pilau, wali wa nazi na ugali kwenye karatasi ya rais, na mchuano huwa mkali. Msiweke mnyama wala chombo ambacho ni alama ya chama chochote. Lazima mkague orodha, kwani alama ni nyingi kuliko mnavyofikiri.

Kila mtu apite hatua zote. Anatoa kitambulisho. Mashine ya KIEMS inasoma kidole chake. Anapewa karatasi sita, na hapa afundishwe kugeuza kila moja atazame muhuri wa tume nyuma yake, kwa sababu karatasi isiyo na muhuri itakataliwa hata ikiwa imewekwa alama vizuri namna gani. Anaingia kibandani, anaweka alama moja kwa mgombea mmoja, anakunja, anatumbukiza rangi kwa rangi, anapakwa wino, anatoka.

Halafu fungueni maboksi mbele yao mhesabu. Hapa ndipo somo hukaa. Onyesheni kila karatasi yenye shaka na muulize imekosa nini. Kuna aliyeweka alama kwa wawili kwa sababu anawapenda wote. Kuna aliyeandika jina lake, akidhani ni kama mtihani, na karatasi inayomtambulisha mpiga kura hukataliwa. Kuna aliyeacha tupu. Na kuna yule aliyeweka tiki badala ya alama ya X, au dole gumba, au alama imetoka nje kidogo ya kisanduku. Hizi za mwisho ni halali ikiwa nia ya mpiga kura inaonekana wazi, na ajenti asimdanganye mtu.

Zidisheni mkazo kwenye tofauti ya maneno mawili ambayo hata redio huyachanganya. Kura iliyoharibika ni ile uliyoikosea ukiwa bado unayo mkononi. Unairudisha kwa afisa msimamizi wa kituo na kuomba nyingine, na ni haki yako. Kura iliyokataliwa ni ile iliyokwisha kuingia sandukuni na makosa yake, hapo hapana dawa. Kwenye kura za urais za 2022 zilikataliwa zaidi ya 113,000 nchi nzima, na pengo baina ya wa kwanza na wa pili lilikuwa kura 233,211. Mwambie mtu hesabu hiyo akiwa ameshika karatasi yake iliyokataliwa ya biriani, utaona anavyonyamaza.

Mahali pa kufundishia ni pale watu walipo tayari: steji ya bodaboda saa nne asubuhi abiria wakipungua, kikao cha chama cha wanawake, uwanjani mechi ikiisha, nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, nje ya kanisa Jumapili. Kumi na watano kwa mara moja wanatosha. Mia moja ni mkutano, na kwenye mkutano mzee mwenye mtoto wa jicho hatauliza swali lake.

Asiyeona, asiyesoma, asiyeweza kusimama

Mpiga kura mwenye ulemavu au asiyejua kusoma ana haki ya kuja na msaidizi anayemwamini, awe na miaka 18 au zaidi, asiwe mgombea wala ajenti. Msaidizi huapa kutunza siri, na hasaidii zaidi ya mtu mmoja. Akija peke yake, afisa msimamizi ndiye humsaidia, mbele ya maajenti, ambapo kila aliyemo chumbani husikia chaguo lake. Ndiyo maana tunapita kwa wazee mwezi mmoja kabla na kuwauliza, "Utakwenda na nani?" Wengi huwa hawajafikiria. Na jihadhari na kijana mkarimu anayejitolea kuwasaidia wazee wote wa mtaa siku hiyo: sheria haimruhusu, na anayemkarimia mara nyingi si mzee.

Mwenye mimba, anayenyonyesha na mzee hupewa nafasi mbele ya foleni. Waambieni waidai kwa upole lakini waidai.

Kidole kikikataa

Watu wa mawe, wa maji na wa jiko mara nyingi vidole vyao vimelika, mashine haivisomi. Wafundisheni wasiondoke. Karani atajaribu vidole vingine, vikikataa atalitafuta jina kwa nambari ya kitambulisho na Fomu 32A itajazwa mbele ya maajenti. Mama mmoja mwosha vyombo wa hoteli alirudi nyumbani mwaka 2017 akilia kwamba "mashine imemkana". Tulimrudisha kituoni saa kumi jioni, akapiga. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni baada ya kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini aliyekwisha kuwa kwenye foleni kabla ya kufungwa lazima ahudumiwe.

Hongo na uvumi

Kuhusu hongo nasema machache. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mkosaji mtoaji na mpokeaji. Lakini ukimtisha mtu aliyelala njaa kwa kifungu cha sheria, atakucheka. Kinachosaidia ni kumhakikishia kwamba aliyempa mia mbili hawezi kujua alichoandika kibandani. Ndipo mwambie asipige picha karatasi yake kwa simu. Picha ni kosa, na tena ndiyo risiti ambayo mnunuzi anaitaka.

Uvumi ndio adui mwenye mbio. Jioni ya tarehe 8 Agosti 2022, saa chache kabla ya kura, tume ilitangaza kwamba uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega umeahirishwa kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa. Kwetu Mombasa viti vingine vyote vilibaki palepale. Kufikia saa mbili usiku mtaani kwetu habari ilikuwa moja: "Mombasa hakuna kura kesho." Nilikaa kwenye simu mpaka usiku wa manane.

Kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa tumejipanga. Tuna watu kumi na wanane, kila mmoja ana kundi moja la WhatsApp analolijua vizuri: la wazazi wa shule, la wavuvi, la chama, la mechi. Uvumi ukitokea, mmoja wetu tu ndiye anapiga simu kwa afisa wa tume au kutafuta tangazo rasmi. Akithibitisha, anarekodi sauti isiyozidi nusu dakika kwa lugha ya mtaani: nini ni kweli, nini si kweli, nini ufanye kesho. Kumi na wanane wanaituma. Usiusambaze uvumi wenyewe hata kwa kuupiga mstari mwekundu, maana kuna watakaoona picha na wasisome mstari. Kwa uvumi mkubwa wa kitaifa angalieni kazi za PesaCheck na Africa Check, mashirika ya kuhakiki habari, kabla hamjaanza kujichosha. Usiku ule tulisema, "Kesho kura ipo, karatasi ni tano, ya gavana itapigwa siku nyingine." Ya gavana ilikuja kupigwa tarehe 29 Agosti, na ikabidi tuanze upya kuwakumbusha watu ambao tayari walikuwa wamechoka na sisi.

Siku yenyewe, kwa mwenye beji ya mwangalizi

Fika saa kumi na moja alfajiri. Usile ukiwa njiani kitu ulichopewa na mtu. Beba kalamu mbili, daftari, chaji ya akiba, maji, na kitu cha kukalia. Ukifika andika saa ya kufunguliwa, maajenti wangapi wapo na wa nani, sanduku lilionyeshwa tupu au la, na nambari za lakiri zilizofunga kila sanduku. Nambari hizo utazitaka usiku.

Mchana wote kazi yako ni kuona na kuandika. Huongozi foleni, humwelekezi karani, humsahihishi ajenti. Ukiona kosa, mweleze afisa msimamizi kwa sauti ya chini na uandike saa, ulichoona na alichojibu. "Nimesikia kwamba" haiandikwi kwenye daftari la mwangalizi. Mwaka wangu wa kwanza nilishindwa kujizuia nikamwonyesha bibi mmoja sanduku la manjano, na ajenti wa upande mmoja alinikemea mbele ya watu. Alikuwa na haki.

Saa za jioni ndizo zenyewe. Watu wengi hurudi nyumbani jua likizama, wakati uchaguzi wa Kenya hasa huanza hapo. Mwaka 2007 kura zilipigwa kwa utulivu tarehe 27 Desemba, na kila kitu kikaharibika kwenye kujumlisha. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, na tume ya Jaji Johann Kriegler iliyochunguza baadaye ilisema haiwezi kujua nani alishinda. Toka hapo sheria zetu zimekuwa zikiurudisha uzito kituoni. Mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya kituoni na ya eneo bunge ni ya mwisho, makao makuu hayawezi kuyabadilisha. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na hoja nyingi zilihusu namna fomu zilivyosafirishwa na zilivyojazwa.

Kwa hiyo keti, hata ukisinzia. Hakikisha lakiri ni zilezile. Kila karatasi hufunuliwa, ikaonyeshwa, ikatajwa. Mwisho afisa hujaza fomu ya kila kiti: 34A ya rais, 35A ya mbunge, 36A ya mwakilishi wa wadi, 37A ya gavana, 38A ya seneta, 39A ya mwakilishi wa wanawake. Maajenti hutia sahihi na kupewa nakala. Nakala moja ya fomu hubandikwa mlangoni au mahali pa wazi karibu na mlango. Fomu hiyo ya mlangoni ni ya umma, na ndiyo kazi yetu yote ya miezi ishirini.

Kuisoma 34A

Fundisheni hesabu hii hata kwa wasio na beji, kwani fomu ya mlangoni inasomwa na yeyote. Chukua mfano wa kituo chenye watu 612 kwenye sajili. Mashine imetambua 431 mchana kutwa. Jumla ya kura halali na zilizokataliwa isizidi hao 431. Wagombea wana 236, 181, 5 na 2. Jumla 424, ndizo kura halali. Zilizokataliwa 7. 424 na 7 ni 431, fomu imekaa.

Isipokaa, usipige yowe la wizi. Mara nyingi ni afisa aliyeamka saa nane usiku uliopita akaandika 263 badala ya 236, na maajenti wakiwa bado chumbani hurekebishwa na kutiwa sahihi. Ndiyo sababu hesabu ifanywe palepale. Kisha angalia muhuri, jina na sahihi ya afisa, sahihi za maajenti, na kama ajenti amekataa kusaini, sababu imeandikwa au la.

Piga picha fomu ya mlangoni usiku uleule, nzima, pembe nne zionekane, bila kivuli cha kichwa chako. Mwaka 2022 tume iliweka picha za 34A za vituo vyake 46,229 kwenye tovuti wazi kwa kila mtu. Kazi ya asubuhi yake basi ni nyepesi: linganisheni picha yenu ya mlangoni na iliyo kwenye tovuti. Zikifanana, andikeni zimefanana. Nalisisitiza hili kwa sababu vikundi hupenda kuripoti kasoro tu, na ripoti ya namna hiyo ni ya upande hata kama kila neno lake ni kweli. Kisha fuatilieni kama takwimu za kituo chenu zimeingia hivyohivyo kwenye 34B ya eneo bunge, ambazo hujumlishwa kitaifa kwenye 34C.

Msijumlishe msichokuwa nacho

Mkiwa na picha za vituo arobaini, msitangaze mshindi. Vituo vya wadi moja vinasema habari za wadi moja. ELOG hufanya makadirio ya nchi nzima kwa kuchagua vituo kama elfu moja kwa bahati nasibu ya kitaalamu, na hata wao hutoa jibu lenye mpaka wa makosa. Mwaka 2022 makadirio yao yaliafikiana na matokeo ya tume, lakini mpaka wao wa makosa, asilimia mbili na ushei, ulipita pande zote mbili za nusu. Yangeweza kukuambia takwimu zilizotangazwa zinaaminika. Kukuambia kama mtu amevuka asilimia 50 na kura moja, hapana. Jirani zetu wa Kongo waliona upande mwingine wa kazi hii: Januari 2019 maaskofu Wakatoliki wa baraza lao, CENCO, waliokuwa wameweka waangalizi wapatao 40,000, walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyoyakusanya. Walisikilizwa dunia nzima kwa sababu walikuwa vituoni, na walikuwa wengi.

Mkiwa na ushahidi wa kosa la kweli, upelekeni kwa shirika lililowaombea kibali, kwa maandishi, ndani ya siku mbili. Msikae nao mkibishana: kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa na Mahakama ya Juu huiamua kwa siku 14, na kesi za viti vingine zina siku 28. Kushtaki ni shauri la mwenye kesi. Mkiitwa kutoa ushahidi, kila upande upewe daftari lilelile.

Baada ya wiki mbili kutaneni. Rudisheni beji, fungeni hesabu za michango, nakilini picha zote za fomu kwenye diski mbili zikae nyumba mbili tofauti. Hesabuni pia kura zilizokataliwa za kila kituo cha wadi yenu mziandike kwa mpangilio, kituo kwa kituo, kwani hapo ndipo mtajua mtaa gani uanze kufundishwa mwakani. Sisi kituo chenye nyingi 2017 kilikuwa kile cha karibu kabisa na nyumba yangu, tulichokiruka tukidhani hao wanajua.